Barua za Karani wa Reli

Wenzangu wameandika katika kijitabu hiki khabari za madrasa zetu na masheikh waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mimi naomba ruhusa ya wasomaji niandike khabari za barua, kwani wengi wetu hapa Dzaleka tulitenganishwa na jamaa zetu, na kwa miaka mingi barua ndizo zilizotuunganisha.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda; mwaka 1994 ikafanywa kambi ya wakimbizi. Mama yetu alifika hapa na watoto wake akitokea Kalemie, kwa njia ya Kigoma. Baba alibaki. Alikuwa karani wa reli, ile itokayo Ziwa Tanganyika kwenda Kabalo, wala hakukubali kuiacha.

Vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998 viliigawa Kongo. Kalemie iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD. Lubumbashi, alikoishi mjomba wetu, ikabaki chini ya serikali ya Kinshasa. Posta baina ya pande hizo ikakatika, na mishahara ya watumishi waliokuwa upande wa waasi haikufika tena.

Barua za baba zilikuja kwa mkono wa Msalaba Mwekundu. Wazee wanaikumbuka karatasi ile: ilikuwa wazi, haina bahasha, yaandikwa khabari za jamaa tu, na yenye neno la siasa au la askari haipiti. Barua za mjomba zilifungwa barabara, zikachukuliwa na madereva wa malori kupitia Zambia hadi Lilongwe. Mama alisafiri kama kilomita 45 kwenda kuzichukua katika duka moja la mjini, akarudi nazo kifuani.

Mjomba alikuwa mkali. Aliona kwamba mtumishi afanyaye kazi chini ya waasi anawasaidia, na alitaka jawabu la shemeji yake. Mama afanyeje? Swali la siasa alilivika nguo za nyumbani: alimwuliza mumewe siku hizi anakula nini, na ni nani anayempa ruhusa ya kwenda Ijumaa.

Baba alifahamu. Alijibu kwamba samaki ni wengi. Maana yake, mshahara hapana, anaishi kwa ziwa kama jirani zake. Ruhusa ya Ijumaa hakuigusa. Akaongeza kwamba kila asubuhi anavipangusa vumbi vitabu vya nauli, kwani abiria watarudi inshallah. Nasi tukaelewa: reli ni ya abiria, si ya serikali hii wala ile.

Nakiri kwamba ujanani nilikuwa upande wa mjomba, nikimdhania baba mwoga. Nimezisoma upya karatasi zile, na woga sikuuona. Mwoga angaliandika kwamba yu salama, akanyamaza.

Mapatano yalitiwa saini Pretoria Desemba 2002, na mwaka 2003 ikaundwa serikali ya mpito. Kiongozi wa RCD, Azarias Ruberwa, akawa mmoja wa makamu wanne wa Rais Joseph Kabila. Wale aliowaita mjomba wasaliti sasa waliketi meza moja na wakubwa wake. Barua yake iliyofuata, mama alitusomea usiku kwa mwanga wa koroboi, haikuwa na neno la siasa hata moja. Alitaka shemeji yake amwarifu nauli ya treni kutoka Kabalo hadi Kalemie.