Mama Mlezi na Ngoma ya Kalinga

Warundi wa kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, hawakuhitaji mkalimani sokoni. Tangu miaka ya 1990 hadi kambi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, walisema Kirundi, wenyeji, Waha, wakajibu kwa Kiha, na biashara ikaenda. Lugha hizo ni ndugu, na Kinyarwanda ni ndugu yao wa tatu. Kwa wote watatu mfalme ni mwami, na ngoma si ya kuchezea harusini tu: ngoma ni ufalme wenyewe. Ukisikia fulani kachukua ngoma, ujue kachukua nchi.

Rwanda na Burundi, ngoma hiyo mwami hakuishika peke yake. Alitawala na mama yake, mugabekazi. Mke alikuwa mmoja kati ya wengi, kila mmoja na boma lake kwenye kilima chake. Hata apendwe vipi, penzi la mume liliishia kaburini. Cheo kililetwa na mtoto. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoziita fitina za nyumba hizo wivu wa wake wenza. Wivu ulikuwapo, nani atabisha? Lakini kilichogombewa kilikuwa serikali.

Penzi lenyewe liliweza kuua. Murorunkwere, mama wa mwami Kigeri Rwabugiri wa Rwanda, alisingiziwa kuwa na mimba ya mtu aitwaye Seruteganya. Mugabekazi mjane kuzaa tena maana yake ni mdai mwingine wa ngoma. Akauawa. Husimuliwa kwamba mwanawe alijuta baadaye, akawageukia walioleta uvumi huo.

Mwana huyo ndiye aliyewasha moto uliofuata. Mwaka 1889 Rwabugiri alimsimika mwanawe Rutarindwa atawale pamoja naye. Mama mzazi wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, na mwami hawezi kukaa bila mugabekazi, hivyo akampa mama mlezi: Kanjogera, mke wake mwingine, wa ukoo mkubwa wa Abega. Mfalme aliyesifika kwa vita hapo alikosea hesabu ambayo mke yeyote wa mitala angemsaidia kuipiga. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga, na kaka zake, Kabare na Ruhinankiko, walikuwa watu wa kutisha. Utamwambiaje mama amlinde mtoto wa mwenzake dhidi ya wa tumbo lake?

Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Mwaka mmoja hivi ukapita, na Desemba 1896 kambi mbili, ya Rutarindwa na ya Kanjogera, zilikutana Rucunshu, karibu na Kabgayi. Vita havikuchukua muda. Rutarindwa alipoona ameshindwa aliingia ndani ya nyumba na mkewe Kanyonga na watoto, nyumba ikateketea nao. Inasemekana hata Kalinga, ngoma kuu ya Rwanda, iliungua humo. Musinga, kijana mdogo, akawa mwami Yuhi, na Kanjogera akabadilisha jina: jana alikuwa Nyiramibambwe, mama wa Mibambwe Rutarindwa, leo Nyirayuhi, mama wa Yuhi. Majina mawili ya kiti kimoja, na kati yake majivu.

Machi 1897 Kapteni Ramsay, mkuu wa kituo cha Wajerumani cha Ujiji, alifika kwenye baraza la Musinga kumwona mfalme. Alionyeshwa mtu aitwaye Mpamarugamba, akaondoka akiamini amemwona mwami. Musinga alikuwa amefichwa. Mkoa wetu wa Kigoma nao, basi, umo katika fitina hii, ingawa kwa upande wa waliochezewa shere.

Kanjogera hakubaki bila mpinzani. Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa Rwabugiri, alikwenda kaskazini, Ndorwa, akidai kwamba mwanawe ndiye mwenye haki ya ngoma. Huko aliungana na imani ya Nyabingi na kukusanya wafuasi. Wajerumani walimkamata wakamweka Bukoba. Alipoachiwa alianza upya, safari hii upande wa Waingereza, nao wakamkamata mwaka 1911. Walimzuia Kampala mpaka alipokufa mwaka 1945, akiwa ameishi zaidi ya hasimu wake. Kanjogera alifariki mwaka 1933, miaka miwili baada ya Wabelgiji kumvua Musinga ufalme na kuwapeleka wote wawili Kamembe.

Burundi, ng'ambo ya mpaka kutoka Kasulu, jina la kutajwa ni Ririkumutima, mke kipenzi wa Mwezi Gisabo. Gisabo alipokufa mwaka 1908, ngoma ilimwendea Mutaga, ambaye Ririkumutima hakumzaa. Hata hivyo yeye ndiye aliyekalia nafasi ya mama mfalme. Novemba 1915 Mutaga alikufa angali kijana. Simulizi moja inasema alijeruhiwa katika ugomvi na ndugu yake, Bangura, aliyeshukiwa kutembea na mke wa mwami. Aliyesimikwa ni Mwambutsa, mtoto wa miaka mitatu, na katika baraza la kumtawalia, Ririkumutima tena. Aliendelea kushika hatamu hadi kifo chake mwaka 1917. Mume, mwana wa mwenzake, mjukuu wa mwenzake: watawala watatu walipita mbele yake.

Wanawake wote hawa walitawala, au walitaka kutawala, kwa jina la mtoto wa kiume. Buha, nchi ya Waha, ilitoa mfano tofauti. Wakati wa Waingereza, kiti cha Heru, hapohapo Kasulu, kilikaliwa na mwanamke kwa jina lake mwenyewe: Mwami Theresa Ntare.