Hesabu ya Matuta ya Uluguru

Chuo Kikuu cha Mzumbe, jirani na milima ya Uluguru, leo kinafundisha shahada ya kwanza ya takwimu. Mwaka 1953 kilianza kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa mamlaka za wenyeji chini ya Waingereza. Miaka hiyohiyo, huko juu milimani, maofisa wa kilimo walikuwa na hesabu yao: mteremko, mvua, udongo unaochukuliwa na maji. Jibu walilopata ni matuta ya ngazi, na Waluguru wakalazimishwa kuyachimba. Kumbe udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba. Majembe yaliufukia, udongo hafifu ukaja juu, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 vurugu zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Wadogo zangu wanaoanza takwimu huwa nawasimulia habari hii. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na vipimo huenda vilikuwa sahihi. Aliyekosekana kwenye jedwali ni mkulima aliyeujua udongo wake, na huyo huulizwa kabla ya namba kukusanywa.