Usiku Ambao Ebbinghaus Hakuuamini

Kwenye shule za bweni, kulala mapema kabla ya mtihani ni aibu. Unatumbukiza miguu kwenye karai la maji baridi, unakesha na daftari. Usingizi, tunaambiwa, ni mwizi. Hebu tumsikilize mshtakiwa kwanza.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Aliyepimwa ni mtu mmoja tu: yeye mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akazikariri upya na kuhesabu muda aliookoa. Baada ya saa 1 aliokoa asilimia 44 hivi. Baada ya saa 9, kama 36. Lakini baada ya siku nzima, bado karibu 34. Yaani saa 15 zimepita na hasara ni kiduchu! Na katikati kulikuwa na usiku. Je, usingizi ndio uliozuia kusahau? Alilifikiria hilo, akaona haliaminiki, akaendelea na mengine.

Swali likalala karibu miaka 40. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwapa wanafunzi 2 silabi 10 wakariri. Mara nyingine walilala baadaye, mara nyingine waliendelea na shughuli za mchana. Baada ya saa 8 za kulala walikumbuka zaidi ya nusu. Baada ya saa 8 wakiwa macho, kama moja hivi. Watafiti wakasema usingizi unafunga mlango, mambo mapya yasije yakavuruga ya zamani. Sawa, lakini nyumbani je, nani alikuwa anafanya kazi?

Jibu lilitoka kwa panya. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton waligundua kuwa seli za hipokampasi zilizochangamka pamoja panya akitembea, zilichangamka pamoja tena akilala. Mwaka 2006 David Foster na Wilson wakaona kwamba hata panya akitulia tu macho wazi baada ya kukimbia, seli zinairudia safari ile kinyumenyume.

Kumbe ubongo ukipumzika ndio unapanga vitu vyake. Mwizi alikuwa mtunza ghala.

Walimu wa karai tusiwalaumu sana. Hata Ebbinghaus alikuwa na dalili kwenye jedwali lake mwenyewe, na hakuiamini. Lakini wewe umeshaambiwa. Funga daftari, ulale.