Roger Barker na Mahali Panapotenda

1. Utangulizi

Tawi la saikolojia linalochunguza uhusiano kati ya mtu na mahali anapoishi lilienea kwa jina la saikolojia ya mazingira katika miaka ya 1960. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha masomo ya udaktari katika tawi hilo, na mwaka 1969 jarida la Environment and Behavior likatoka kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, kazi ilitangulia jina. Tangu mwaka 1947, katika mji mdogo wa Oskaloosa, jimbo la Kansas, Marekani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu alikuwa ameiacha maabara na kwenda kuishi miongoni mwa watu aliotaka kuwafahamu. Makala haya yanafuata safari ya mwalimu huyo, Roger Barker (1903–1990), na swali lililomwongoza: je, mwenendo wa mtu watoka ndani yake peke yake, au mahali napo pana neno la kusema?

2. Maabara na mipaka yake

Barker alizaliwa Macksburg, jimbo la Iowa. Ujana wake ulisumbuliwa na ugonjwa wa mifupa uliomtenga na shule kwa muda mrefu. Alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1934, kisha akafanya kazi huko Iowa pamoja na Kurt Lewin, msomi wa asili ya Kiyahudi aliyeihama Ujerumani baada ya Hitler kutwaa madaraka. Lewin alifundisha kwamba mwenendo ni zao la mtu pamoja na mazingira yake.

Mwaka 1941 Barker, Lewin na Tamara Dembo walitangaza matokeo ya jaribio lililopata sifa kubwa. Watoto wadogo waliachwa wachezee vitu vya kupendeza, halafu wakatengwa navyo kwa wavu: waliviona, lakini hawakuweza kuvifikia. Wengi wao walianza kucheza kama watoto wenye umri mdogo kuliko wao. Ikahitimishwa kwamba mtoto aliyezuiliwa haja yake hurudi nyuma katika makuzi. Hitimisho hilo liliingia katika vitabu vya kufundishia.

Barker mwenyewe hakuridhika. Maabara ilionyesha jambo linaloweza kumpata mtoto. Haikuonyesha jambo linalompata kila siku. Wataalamu wa kemia walijua kila elementi inapatikana wapi katika maumbile na kwa wingi gani, lakini mwanasaikolojia hakuweza kusema mtoto hukatazwa au husifiwa mara ngapi kwa siku, na nani, na wapi.

3. Kituo cha Oskaloosa

Mwaka 1947 Chuo Kikuu cha Kansas kilimwita aongoze idara yake ya saikolojia. Pamoja na mwenzake Herbert Wright alifungua kituo cha utafiti Oskaloosa, mji wa watu wapatao 700, naye akahamia huko pamoja na mkewe Louise na watoto wao. Katika maandishi yao mji uliitwa Midwest, ili wakazi wahifadhiwe.

Tarehe 26 Aprili 1949 watazamaji 8 walipokezana kumfuata mvulana wa miaka 7, tangu alipoamka hadi alipolala, wakiandika kila alilotenda na kila alilotendewa. Maandishi hayo yakawa kitabu kizima, One Boy's Day, kilichotolewa mwaka 1951.

Rekodi za namna hiyo zilipozidi kukusanywa, jambo moja lilijitokeza. Mwenendo wa mtoto yuleyule ulibadilika mno alipotoka darasani kwenda uwanjani au dukani, lakini watoto wawili wenye tabia mbalimbali walifanana walipokuwa mahali pamoja. Aliyetaka kubashiri mtoto atafanya nini ilimfaa zaidi kuuliza yuko wapi kuliko kuuliza ni mtoto wa namna gani.

Hapo ndipo Barker alipopata dhana kuu ya maisha yake, ambayo katika makala haya itaitwa mahali pa matendo. Ibada ya Jumapili, somo la hesabu, mchezo wa mpira, duka la dawa: kila kimoja kina pahali pake, saa zake, vyombo vyake na desturi zake. Watu huondoka na wengine huingia, lakini ibada hubaki ibada. Anayeivunja desturi hukumbushwa, na asiposikia hutolewa nje.

Msomaji wa Kiswahili hataiona dhana hii kuwa ngeni kabisa. Sarufi ya lugha hii yaruhusu mahali pawe kiima cha sentensi bila mtenda kutajwa: kanisani mnaimbwa, sokoni panauzwa, uwanjani kunachezwa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi alama hizo za mahali husimama hata mbele ya nomino: ku soko, mu kanisa. Sarufi si ushahidi wa saikolojia, lakini yampa mfasiri wa Barker njia fupi: lile alilolieleza kwa kurasa nyingi, kwamba pana mwenendo ulio wa mahali wala si wa mtu fulani, laweza kusemwa kwa kiambishi kimoja.

4. Wachache wenye kazi nyingi

Mwaka 1964 Barker na Paul Gump walitoa kitabu Big School, Small School kuhusu shule za sekondari za Kansas. Shule ndogo kuliko zote ilikuwa na wanafunzi 35, na iliyo kubwa kuliko zote 2,287. Wanafunzi walizidi mara 65, lakini mahali pa matendo palizidi mara 8 tu. Tofauti hiyo ilikuwa na matokeo mazito. Katika shule ndogo kila mwanafunzi alihitajiwa, hata asiye hodari: bila yeye timu haikutimia wala tamthilia haikuchezwa. Aliombwa, alihimizwa, alikabidhiwa madaraka. Katika shule kubwa palikuwa na mambo mengi ya kuchagua, lakini wengi zaidi walibaki watazamaji, na wanafunzi dhaifu ndio waliosahauliwa kwanza.

Barker alitafuta mfano wa pili ng'ambo, katika mji wa Leyburn, Yorkshire, Uingereza, alioupa jina la Yoredale. Mnamo 1963–1964 Midwest ilikuwa na watu 830 na Yoredale 1,310. Hata hivyo mahali pa matendo palikuwa pengi zaidi Midwest, na wakazi wake, watoto pamoja nao, walibeba madaraka mengi zaidi.

5. Uaminifu na gharama yake

Mwaka 1963 Barker alihariri kitabu The Stream of Behavior. Ndani yake Clifford Fawl, aliyezipitia upya rekodi za watoto wa Midwest, alionyesha kwamba kuzuiliwa kwa mtoto kulitokea kwa nadra kuliko ilivyotazamiwa, na mara nyingi hakukuleta matokeo yaliyotangazwa mwaka 1941. Hivyo Barker alichapisha kwa mkono wake utafiti uliotia shaka jaribio lililompatia sifa. Mwaka huohuo chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilimtunukia heshima kwa mchango wake katika sayansi.

Wafuasi hawakuwa wengi. Kazi ya aina hii ilidai miaka, fedha na uvumilivu, na vyuo vilihitaji makala ya haraka. Wengine waliuliza kama nadharia hiyo haimsahau mtu anayechagua mahali pake au anayepageuza. Mwanafunzi wake Allan Wicker alikuja kusisitiza kwamba mahali pa matendo nako huzaliwa, hukua na hufa. Kituo kilifungwa mwaka 1972, baada ya miaka 25. Barker aliendelea kuishi Oskaloosa, na huko ndiko alikofia mwaka 1990.

6. Hitimisho

Maisha ya Barker yaliacha kipimo ambacho shule au chuo chochote chaweza kukitumia. Idadi ya walioandikishwa haitoshi kueleza ukubwa wake. Yafaa kuhesabu pia mahali pa matendo palipomo, na wangapi miongoni mwa vijana hao wangekosekana siku moja, shughuli ikasimama kwa ajili yao.