Sanduku la Maoni na Somo la Mwongozo wa 1971

Hivi karibuni nilialikwa katika ofisi moja ya umma kutoa mada kuhusu mawasiliano kazini. Karibu na mapokezi palikuwa na sanduku la maoni lenye kufuli. Nilipouliza lilifunguliwa lini mara ya mwisho, maofisa walitazamana. Ufunguo ulikuwa kwa mtumishi aliyekwisha kustaafu. Kufuli likavunjwa mbele yetu. Ndani mlikuwa na karatasi tatu, na mojawapo iliomba watumishi wa masjala wafundishwe mfumo mpya wa kompyuta. Aliyeiandika alikuwa amehamishwa zamani.

Mada yangu niliitoa kama nilivyoombwa, lakini niliondoka nikiamini kwamba ofisi ile haikuwa na upungufu wa watu wanaojua kusema. Ilikosa mtu mwenye wajibu wa kujibu. Upungufu huo una historia ndefu katika nchi yetu, na ni historia hiyo ninayotaka tuikumbuke leo.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki, bima na viwanda kadhaa vikubwa viliwekwa mikononi mwa umma. Mali ilipata mwenyewe mpya, ila namna ya kuamrisha haikubadilika sana. Meneja mzalendo alikalia kiti cha meneja wa kigeni, na mara nyingi alirithi hata sauti yake. Sheria ya mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kuufanya mgomo halali uwe karibu muhali. Tangu 1964 chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, NUTA, na Katibu Mkuu wake wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko dhidi ya serikali aliyapeleka, kwa hakika, kwa serikali.

Mwalimu Nyerere aliliona pengo hilo. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, ili wanaoshika mashine na mafaili washiriki kuzungumzia uzalishaji na mipango ya kazi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mabaraza yalikuwa ya ushauri tu, na uamuzi ulibaki kwa menejimenti na bodi. Mfanyakazi alipewa mahali pa kusema, lakini hakupewa haki ya kujibiwa.

Mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU. Ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda, na sehemu yake kubwa ilihusu ulinzi wa nchi na mapinduzi ya Afrika. Hata hivyo, kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na uonevu. Wafanyakazi wakakisoma kifungu hicho kama wakili asomavyo sheria. Kati ya 1971 na 1973 viwanda na makampuni mengi, hasa Dar es Salaam, yalishuhudia watu wakiweka zana chini na wengine wakiwafungia mameneja nje ya lango. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimtoa mwajiri na kuushika uendeshaji wenyewe. Issa Shivji aliyachambua matukio haya katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Jambo linalonigusa kila ninapofundisha sura hii ni aina ya madai. Mara nyingi suala la kwanza halikuwa mshahara. Watu walilalamikia matusi, kufukuzwa bila maelezo, na mali ya kiwanda kutumiwa ovyo mbele ya macho yao. Waliyasema hayo wakiwa wamekwisha kupewa mabaraza, chama na kifungu cha 15. Mgomo ulikuwa njia yao ya kutafuta jibu. Serikali, iliyokuwa ikiwasikiliza mwanzoni, ikabadilika. Polisi wakatumiwa, wengine wakafukuzwa kazi, na migomo ikafifia. Viwanda vyetu vilidhoofika baadaye kwa sababu nyingi, zikiwamo bei ya mafuta, uhaba wa fedha za kigeni na vita vya 1978–1979. Lakini yule aliyeisikia mashine ikianza kukwaruza hakuwa tena na sababu ya kujisumbua kusema.

Leo semina zetu zimejaa neno la Kijapani, kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua bila kukoma. Japani imesaidia kulifundisha katika viwanda vyetu. Tunasahau kuwa Toyota nayo ilipita katika moto. Mwaka 1950 kampuni hiyo ilikumbwa na madeni, upunguzaji wa watu na mgomo mkali, hadi mwasisi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Mwaka 1951 ikaanzisha utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi, na katika miaka hiyo ikachukua mafunzo ya wasimamizi yaliyobuniwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mafunzo hayo yalianza na msimamizi: namna ya kumwandaa mfanyakazi, kumwonyesha kazi, kumwachia ajaribu, na kumfuatilia. Mfanyakazi asipoelewa, mwenye kulaumiwa kwanza ni aliyefundisha. Sisemi kwamba Toyota ilikuwa pepo ya wafanyakazi. Nasema tu kwamba huko pendekezo lilikuwa na mtu wa kulipokea na utaratibu wa kulifanyia kazi.

Sisi tumebaki na umbo la mabaraza. Mtumishi wa umma anayesoma hapa anakijua kikao cha baraza: bajeti inasomwa, wajumbe wanachangia, kumbukumbu zinaandikwa. Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fungu jipya. Kila hoja iandikiwe jina la mwenye kuijibu na tarehe. Kikao kifuatacho kianze na majibu hayo kabla ya hotuba yoyote, na jibu la "haiwezekani" lihesabiwe kuwa jibu, mradi liwe na sababu. Na mafunzo ya mawasiliano waanze kuyapata wakuu, kisha walio chini yao.

Tumelelewa na methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka ya 1971 hadi 1973 inatufundisha kuwa mkuu asiyesikia la wadogo naye huvunjika guu, na huanguka pamoja na kiwanda. Ofisi ile imeniahidi kuwa watumishi wa masjala watafundishwe mfumo wao. Nimewaomba wamwandikie pia yule aliyehamishwa, wamjulishe kwamba hoja yake imejibiwa.