Waliotutangulia Makerere



Mwaka jana yaya wetu mmoja wa upande wa Juru (kwetu Kongo yaya ni dada mkubwa, jamani, si mtumishi wa nyumbani) alipata skolashipu ya kwenda kusoma Kampala. Tulimfanyia sherehe ndogo hapa Base Camp, soda na mandazi, na kila mtu alitaka kusema neno. Baada ya wiki saba akarudi Nakivale. Hakufukuzwa wala hakufeli mtihani. Mtihani wenyewe hakuufikia. Alishuka kwenye gari na begi lile lile tulilomfungia, na siku ile ile watu wakaanza: "Kampala imemshinda." Wengine wakaongeza kwamba vijana wa kambini tumezoea kupewa, kusoma mbali hatuwezi.

Neno hilo lilituuma. Ndiyo maana sisi wajitolea tukaamua kutafuta historia: wale wanafunzi wa zamani waliofika Kampala bila kumjua mtu, walikaaje? Tulisoma vitabu tulivyopata, tukauliza walimu wazee. Tulichokikuta hakifanani na yale yanayosemwa hapa barazani.

Makerere ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Wanafunzi walikuwa 14 tu, wote wa kutwa, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mwanafunzi wa kutwa ana pake pa kurudi jioni, kwa hiyo habari ya mgeni ilikuwa bado. Ilianza pale chuo kilipopanda ngazi na kupokea vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Tangu hapo kilima kile kikawa na watu ambao mjini hawana shangazi, hawana mjomba. Wakawekwa kwenye mabweni. Mwaka 1941 likamalizika Jengo Kuu, lile lenye mnara wa saa mnaloliona kwenye picha zote, ambalo liliungua Septemba 2020 na kujengwa upya.

Mwaka 1943 alifika kijana mmoja wa Butiama, upande wa Musoma, akitokea shule ya Tabora. Baba yake, chifu Burito, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Jina la kijana mnalijua: Julius Nyerere. Sisi tulitegemea kusoma kwamba alikuwa na akili nyingi, akafaulu, basi. Akili alikuwa nazo, hakuna ubishi. Lakini angalieni alichofanya pale chuoni. Yeye na Watanganyika wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika, kikaitwa TAWA. Ustawi, yaani hali ya watu wao. Siasa kubwa zilikuja baadaye. Baba wa Taifa, kabla hajawa baba wa mtu yeyote, alikuwa mgeni Kampala aliyetafuta watu wa kwao ili washikane mikono. Alimaliza 1945 na stashahada yake ya ualimu, akarudi Tabora kufundisha.

Kwa hiyo yule tunayeambiwa tumuige hakukaa kwa ubavu wake mwenyewe. Alikuta kitanda. Alikuta sahani mezani. Halafu akawa na chama cha wenzake kwa yale ambayo kitanda na sahani haviwezi kuyatibu.

Mwaka huo huo wa 1945 waliingia wasichana sita, wa kwanza kabisa. Kaulimbiu ya chuo wakati ule ilikuwa "Tuwe wanaume". Fikiria, dada, unafika mahali ambapo hata kaulimbiu haijakuhesabu! Wangeweza kuambiwa wazoee tu, kama sisi tunavyoambiwa. Lakini chuo ndicho kilichobadilisha neno lake, ikawa "Tunajenga kwa ajili ya kesho". Baadaye wanawake wakapata na bweni lao, Mary Stuart, ambalo wanafunzi hadi leo wanaliita Boksi. Sisi hapa tuliposoma tukatazamana: kumbe anayetakiwa kubadilika si mgeni peke yake.

Sasa hapa tunawaomba msipite haraka. Chuo kilitaka kupanuka, na ili kipanuke kilihitaji ardhi ya Buganda. Waganda wengi waliogopa, na woga wao ulikuwa na maana: chini ya ukoloni, ardhi ikishatoka mkononi nani atairudisha? Katikkiro Martin Luther Nsibirwa, ambaye ni kama kusema waziri mkuu wa Kabaka, aliunga mkono sheria ya kupata ardhi hiyo. Tarehe 5 Septemba 1945 alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa kuu la Namirembe, akafa. Leo bweni moja la Makerere lina jina lake. Zamani liliitwa Northcote, na humo alilala Ngũgĩ wa Thiong'o alipokuja kutoka Kenya mwaka 1959, nchi yake ikiwa bado chini ya amri za hali ya hatari.

Habari hii ya ardhi ilitugusa sisi wa Nakivale kuliko zote. Tunakaa kwenye ardhi ya watu wa Isingiro, tunalima kwenye vipande tulivyopimiwa, na tunajua mwenyeji anavyotazama ng'ombe wake na majani yanavyopungua. Hatusemi mwenyeji akiogopa ni mbaya. Tunasema kwamba kila kitanda ambacho mgeni amewahi kulalia Makerere kiko juu ya ardhi iliyoachwa na mtu, na kuna aliyekufa kwa sababu yake. Vijana wetu wakipanda kile kilima wanapaswa kulijua jina la Nsibirwa kabla ya kujua mahali pa kununua chipsi Wandegeya.

Tukiwa kwenye chakula: mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula kibaya. Waliosoma kuliko wote Afrika Mashariki, wakagomea sahani! Aliyeongoza, Abu Mayanja, alifukuzwa. Akaenda kusomea Cambridge na baadaye akawa mwanasiasa mkubwa wa Uganda. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanafunzi wa kweli halalamikii chakula, mtajie mwaka 1952. Sisi tunaosimama foleni ya mgao na tumeuona ukipungua, hatuhitaji kufafanuliwa.

Halafu lugha. Yaya wetu alituambia kilichomchosha zaidi si masomo. Ni kila akifungua mdomo dukani kwa Kiswahili, watu kugeuka. Mwenye duka akawa mkali ghafla, bei ikapanda. Alidhani wanamchukia Mkongomani. Kumbe jambo hilo ni kubwa kuliko yeye na lina miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike zaidi katika shule na kazi za serikali Uganda, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa akaandika kupinga. Aliona kinakuja kuimeza lugha yao. Kisha miaka ya 1970 watu wakakisikia vinywani mwa askari wa Idi Amin, kwenye vizuizi na usiku mlangoni. Amin mwenyewe ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Miaka hiyo hata mwanafunzi mgeni hakuwa salama: mwaka 1976 Mkenya mmoja wa Makerere, Esther Chesire, alitoweka Entebbe. Mama mwenye duka aliyekuwa mtoto wakati ule anaposikia Kiswahili cha haraka haraka, hasikii Bukavu wala Uvira. Anasikia buti.

Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, na hilo ni jema kwetu. Lakini karatasi ya Entebbe haifiki dukani Kikoni siku hiyo hiyo. Wazee tuliowauliza walitoa dawa moja rahisi: anza na "Gyebale ko, ssebo" au "nnyabo", piga goti kidogo la maneno, ndipo useme unachotaka kwa lugha yoyote uliyo nayo. Yaya anasema laiti angeambiwa hilo wiki ya kwanza.

Huenda kuna atakayesema: hao wote mliowataja hawakuwa wakimbizi. Haya, tuvuke ziwa tufike Dar es Salaam. John Garang alizaliwa kusini mwa Sudani mwaka 1945, akawa yatima akiwa mtoto, akakimbia vita akiwa kijana, akamalizia sekondari Tanzania. Alipata nafasi Marekani, chuo cha Grinnell, akamaliza 1969, kisha akarudi Afrika kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mji ule haukuwa wake pia. Ila pale Mlimani alikuta kundi la wanafunzi lililoitwa USARF, mwenyekiti wake kijana wa Ankole aliyefika 1967, Yoweri Museveni. Mwalimu waliyekaa naye karibu, Walter Rodney, alitoka Guyana, ng'ambo ya bahari. Mgeni alifundishwa na mgeni, akaketi na mgeni. Siasa walizofanya baadaye si kazi yetu leo, na wengine mnajua sisi wakimbizi tunavyotakiwa kuwa waangalifu. Tunachotazama ni ile duara ya watu: kulikuwa na mahali pa kuketi Jumapili na mtu wa kukuuliza mbona jana hukuonekana.

Tulipofika hapa ndipo tukarudi kwa yaya wetu na kumuuliza upya, si "kwa nini ulishindwa" bali "ulikuta nini".

Kwanza mjue kwamba mambo yalibadilika. Zamani serikali ilimlipia mwanafunzi wa Makerere kila kitu, hadi pesa ya nauli na daftari, wenyewe wakiita "boom". Ilipoondolewa, wanafunzi wakagoma, na Desemba 1990 polisi wakawaua wawili kwa risasi. Miaka iliyofuata vyuo vikafungua milango kwa wanaojilipia, wanafunzi wakawa wengi kuliko mabweni, na ndiyo maana Kikoni na Wandegeya zimejaa hosteli za watu binafsi. Kitanda alichokikuta Nyerere sasa kinauzwa, na kinauzwa kabla ya somo la kwanza.

Skolashipu ya yaya ililipa ada moja kwa moja chuoni. Pesa ya kuishi ilikuwa ije "baadaye". Hosteli ilitaka malipo ya semesta nzima mbele. Akalala kwa familia moja ya Wakongomani Nsambya, watu saba chumba kimoja, akawa anatembea kwenda chuo asubuhi na kurudi jioni kwa miguu. Alisoma kwa Kifaransa maisha yake yote, diplome ya Leta mkononi, na hapa darasa ni Kiingereza kitupu. Ofisi moja ilimtaka alete cheti kilichotafsiriwa na kulinganishwa; alipokipeleka akaambiwa mhuri umekosewa, arudi Mbarara kwanza. Wiki ya sita yule mama wa Nsambya alipata wageni wengine kutoka Goma. Yaya aliona aibu kuendelea kula chakula cha watoto wa watu. Akaomba nauli.

Nani hapo kashindwa? Sisi hatuoni kwamba ni yeye. Hata Nyerere, mnyang'anye kitanda na sahani na Tibandebage wake, tuone atafika wiki ya ngapi.

Ndugu wa mashirika, tunawashukuru kwa ada, tena kwa moyo. Ombi letu ni dogo na lina tarehe: pesa ya chumba itangulie ada, au angalau zisafiri pamoja. Chuo kinaweza kuvumilia ada mwezi mmoja. Mwenye hosteli havumilii usiku mmoja.

Na sisi wenyewe hatukai tukisubiri. Agosti hii vijana wetu watatu wanaondoka, wawili wa Rubondo na mmoja wa hapa Base Camp. Tumekusanya namba za simu za waliotangulia Kampala, tumepata 11 mpaka sasa, na wawili kati yao wamekubali kuwapokea kwenye stendi ya mabasi hata basi likifika usiku. Kila Jumanne jioni watatu hao wanajifunza salamu za Kiganda, jinsi ya kuuliza nauli kabla ya kupanda boda, na jinsi ya kuandika barua ya Kiingereza kwa ofisi. Anayewafundisha ni yaya. Barua yake mwenyewe ya kuomba kurudi chuoni ameipeleka mwezi wa tano, na majibu bado. Mwenye namba ya mtu anayeishi karibu na Kikoni atuletee, hata kama ni ya mtu mmoja.