Mahindi ya Mugango: kwa nini yanakauka ziwa likiwa pembeni?

Mugango ipo ufukweni kabisa mwa Ziwa Victoria, Wilaya ya Musoma, mkoani Mara. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sasa chukua mwaka ambao mvua za vuli zimekatika mapema. Mahindi yanajikunja majani jua likianza tu kuwaka, na kutoka shambani humo humo unayaona maji mpaka upeo wa macho. Mgeni yeyote anayepita atauliza swali moja tu: kwa nini hawamwagilii?

Ni swali zuri. Ila jibu lake lina historia ndefu, na uvivu wa mtu haumo.

Tuanze na makaratasi. Mwaka 1929 Uingereza ilibadilishana barua na Misri kuhusu maji ya Mto Nile, ikikubali kwamba katika nchi ilizozitawala haitajengwa kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme kwenye Nile, vijito vyake au maziwa yake ambayo ingepunguza maji yanayofika Misri, mpaka Misri iridhie. Mkulima wa Mugango hakuulizwa. Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba huo. Msimamo ule, kwamba nchi huru hairithi kila kilichosainiwa na mkoloni, wanasheria wa kimataifa wanauita hadi leo kwa jina la Nyerere, mtoto wa Butiama, wilaya jirani na hapa. Kwa hiyo tangu 1962, kwa upande wetu, sheria si kikwazo. Miaka ya 2000 bomba kubwa lilijengwa kutoka ziwani mpaka Shinyanga na Kahama, na hapa Mara upo mradi wa Mugango, Kiabakari na Butiama. Lakini maji hayo ni ya bombani, ya kunywa na kupikia.

Kikwazo kilichobaki ni hesabu. Mahindi ya muda wa kati yanahitaji milimita zisizopungua 500 za maji msimu mzima. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita ya mraba, na eka moja ina mita za mraba 4,047. Zidisha: ni lita milioni mbili kwa eka. Kwa ndoo za lita 20, ni ndoo laki moja! Hata kama mvua imeleta sehemu nne kati ya tano na wewe unafidia iliyobaki, bado ni ndoo 20,000. Pampu ya mafuta inaweza kuzivuta, lakini mafuta yananunuliwa, na gunia la mahindi halilipi kama kreti la nyanya. Ndiyo maana bustani za nyanya na vitunguu zinakaa karibu na maji, na mahindi yanaachiwa mvua.

Na mvua yenyewe? Ukanda huu wa ufukweni ni mkavu kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Nyanda za juu za Tarime, mkoa huo huo, zinapata mvua nyingi zaidi. Ufukweni kiasi ni kidogo, kinagawanywa kati ya vuli na masika, na kinachoumiza zaidi ni mapengo ya wiki mbili tatu katikati ya msimu.

Hapa lazima tukumbushane jambo ambalo tumelisahau kwa sababu ugali mweupe upo mezani kila siku: mahindi ni mgeni. Yalizaliwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita kutokana na nyasi ya porini. Wareno waliyaleta upande huu, na karne ya 17 yalikuwa tayari yanalimwa Pemba. Jina lenyewe linakiri ugeni, maana watu waliona ni nafaka ya “Hindi”, ya ng’ambo. Mtama, uwele na ulezi ni nafaka za Kiafrika. Mtama ukikosa maji husimama. Unapunguza kukua, majani yake yenye nta yanajikunja, na mvua ikirudi unaendelea pale ulipoachia. Mahindi hayana subira hiyo.

Basi kwa nini watu waliuacha mtama? Kuna wanaosema ni kasumba ya kupenda unga mweupe. Mimi nadhani sababu kubwa ni kazi. Suke la mtama liko wazi, ndege wanalila bila hodi, na aliyekuwa akiwafukuza ndege ni mtoto. Hindi limevishwa maganda. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, likiwamo lengo la watoto wote kuingia shule ya msingi ifikapo 1977. Mtoto akienda darasani, nani abaki shambani na kombeo? Sijaona hoja hii ikipewa uzito unaostahili kwenye historia ya kilimo chetu, na azimio lenyewe limebeba jina la mji wetu.

Miaka ile ile nchi ilikuwa kwenye ukame na vijiji vya pamoja, na Serikali ililazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Kampeni ya “Kilimo cha Kufa na Kupona” ikaanza, na kuanzia msimu wa 1975/76 ikaja Programu ya Taifa ya Mahindi, yenye mbegu bora na mbolea ya ruzuku. Mtama haukupata msukumo wa namna hiyo. Kwa hiyo zao lenye kiu likasukumwa hadi sehemu zenye mvua ya kubahatisha, na tangu hapo tunahangaika kuyafundisha mahindi kuishi kwa maji kidogo.

Njia ya kwanza ni kuyazuia maji yasikimbie, na hii ni ya zamani kuliko mahindi yenyewe huku. Tazama kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe, ziwa hili hili. Mwaka 1936 maofisa wa kilimo Thornton na Rounce walichapisha maelezo ya kilimo cha Wakara, na inaonekana walishangaa. Waliwakuta watu wanafuga ng’ombe ndani na kubeba samadi mpaka shambani, wanapanda marejea katikati ya uwele ili kurutubisha udongo, wanajenga kuta za mawe kwenye miteremko, wanaotesha majani ya mifugo kwenye mashimo yenye unyevu. Hakuna aliyewashurutisha. Ardhi ilikuwa ndogo, watu wengi, na kila familia ilijua shamba ni lake.

Sasa linganisha na bara. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kinajulikana kwa pamba, lakini pia kilifanya kazi kubwa juu ya matuta yaliyofungwa. Wazo ni rahisi sana. Unalima matuta kukingama mteremko, halafu kila baada ya hatua chache unaweka kikingo cha udongo kati ya tuta na tuta. Shamba linakuwa na visahani vingi, na mvua ikipiga, kila kisahani kinashika maji yake. Mvua ya milimita 20 juu ya eka moja ni lita 80,000. Kwenye ardhi ya mteremko iliyobanwa na jua, sehemu nzuri ya hizo inaondoka na udongo kuelekea ziwani kabla ya kuzama. Peat na Prentice wa Ukiriguru waliandika kuhusu matokeo yao mwaka 1949, na sayansi yao haina ubaya, ingawa mwaka wa mvua nyingi visahani hivyo hivyo vinaweza kutuamisha maji na kuyafanya mahindi kuwa ya njano.

Ubaya ulikuja na namna ya kuipeleka kwa watu. Chini ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza 1947, kufunga matuta kuligeuzwa amri, pamoja na kupunguza mifugo. Asiyefanya alitozwa faini. Jembe la mkono, jua, na ofisa anakuja kupima matuta yako. Hebu fikiria ungejisikiaje. Kule Uluguru amri za makinga maji zilizaa vurugu mwaka 1955, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Usukumani manung’uniko juu ya sheria za kilimo na mifugo yaliingia kwenye moto wa siasa ya uhuru, na baada ya ghasia za Geita za 1958 amri zile zikalegezwa. Watu wengi wakabomoa matuta, au wakaacha tu kuyafunga. Njia iliyokuwa na faida ikabaki na harufu ya bwana shauri, na nadhani sehemu ya harufu hiyo haijaisha mpaka leo mzee anaposikia neno “makinga maji”.

Njia ya pili ni kuukimbia ukame. Katumani, karibu na Machakos nchini Kenya, watafiti walitengeneza miaka ya 1960 mahindi mchanganyiko yanayokomaa mapema, yakatapakaa mpaka Tanzania kwa jina la kituo hicho. Sisi tukapata Kito, iliyotolewa 1983 pamoja na Staha na Kilima. Kito haivumilii kiu kwa namna ya ajabu, ila inawahi. Inamaliza kazi yake ndani ya takriban miezi mitatu, kabla mvua haijakatika. Gharama yake ni kwamba mwaka wa mvua nzuri inaachwa nyuma na mbegu za muda mrefu, maana hindi lililowahi limepata siku chache za kujaza punje.

Ya tatu ndiyo inayonivutia mimi zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa mahali ambapo wengi hawakutarajia. Ungedhani mahindi yanayovumilia ukame yatakuwa na mizizi mirefu kupita kiasi au majani ya namna ya pekee. Mwaka 1975, huko Mexico, kituo cha kimataifa cha CIMMYT kilichukua mahindi aina ya Tuxpeño na kuyapanda wakati wa kiangazi, kikiyanyima maji kwa makusudi yanapokaribia kuchanua, kisha kuchagua yaliyofanya vizuri. Wakarudia hivyo mzunguko baada ya mzunguko. Bolaños na Edmeades walipochapisha matokeo mwaka 1993, baada ya mizunguko minane, mavuno chini ya ukame yalikuwa yamepanda kwa takriban kilo 100 kwa hekta kila mzunguko. Kilichobadilika zaidi ni saa ya maua.

Iko hivi. Mbelewele juu ya mmea ni ua dume, linamwaga chavua. Ndevu zinazotoka kwenye hindi changa ni za ua jike, na kila unywele mmoja umeunganishwa na punje moja. Mmea wenye kiu unamwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu zinachelewa kwa sababu hindi changa limenyimwa chakula. Zikitoka siku saba au nane baadaye, chavua imekwisha kupeperuka. Matokeo yake unayajua: gunzi lenye mapengo, punje tatu huku, tano kule, na mmea wenyewe kwa nje ukiwa wa kijani kabisa. Mahindi ya CIMMYT yalijifunza kutoa ndevu mapema hata yakiwa na kiu. Uvumbuzi huo ulibebwa na mradi wa mahindi ya kustahimili ukame ulioendeshwa katika nchi 13 za Afrika, Tanzania ikiwamo, hadi 2015.

Utasema, na yale ya jeni? Mradi wa WEMA ulianza 2008, na mwaka 2016 mahindi yenye jeni ya bakteria Bacillus subtilis yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio ya namna hiyo yasimame. Mabishano yale yalikula hewa yote, kiasi kwamba wengi hawakusikia kuwa mradi huo huo ulitoa pia mbegu chotara za kawaida zisizo na jeni ya kupandikizwa.

Chotara zina tatizo lake kwa mtu wa eka moja. Ukirudia kupanda punje zake, msimu unaofuata shamba linachanganyikana na mavuno yanashuka, hivyo unarudi dukani kila mwaka. Mbegu mchanganyiko kama Kito unaweza kuzibakiza kwa misimu kadhaa, na sheria yetu inatambua mbegu za daraja la kuazimiwa, zinazozalishwa na wakulima wenyewe kijijini chini ya ukaguzi.

Ukibakiza mbegu hizo, usichague mahindi makubwa ghalani, maana ghalani hujui lipi lilipata maji ya bahati pembeni mwa mfereji. Subiri mwaka mbaya. Pita shambani wakati mbelewele zinamwaga chavua, ondoka kingoni uingie katikati, utafute mimea ambayo ndevu zake zimeshatoka wakati jirani zake bado. Ifunge kamba ya katani kwenye bua. Chagua mimea mingi, mia au zaidi, usije ukaidhoofisha mbegu yako kwa kuoanisha ndugu kwa ndugu. Wakati wa kuvuna, yenye kamba inawekwa kando.